Ngamba kwa mara ya kwanza: jinsi ya kwenda kuwaona sokwe waliookolewa

Tangu niweke picha za Ngamba kwenye status meseji hazijaisha. "Dada ni kweli unamshika sokwe?" "Inagharimu shingapi?" "Paspoti lazima?" "Naweza kwenda na mwanangu wa miaka minne?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niandike yote sehemu moja, maana maswali ni yaleyale na majibu ni yaleyale. Mimi nimeenda mara mbili nikitokea Mwanza, kwa basi, kwa hela ya kudunduliza, kwa hiyo haya ni maelekezo ya mtu wa kawaida anayeanzia stendi.

Swali la kwanza nalijibu hapahapa ili tusipotezeane muda. Hapana, humshiki sokwe. Humbebi, humlishi kwa mkono, hupigi naye selfi. Kama unachotaka ni picha umembeba mtoto wa sokwe basi usiende, na popote utakapoahidiwa hivyo ogopa. Utawaona kwa umbali wa mita kadhaa wakiwa upande wao wa uzio na msitu uko nyuma yao, na niamini, inatosha kabisa, mimi nililia mara ya kwanza na sio mtu wa kulialia.

Kwa asiyejua, Ngamba ni kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Uganda, kama kilomita 23 toka Entebbe, kusini kidogo tu ya ikweta. Kina ekari kama 100 hivi na karibu yote ni msitu. Tangu Oktoba 1998 kimekuwa makazi ya sokwe yatima na sasa wako zaidi ya 50. Wengi waliletwa wakiwa wadogo, mama zao waliuawa na wawindaji, wao wakachukuliwa wauzwe au wafugwe majumbani, wengine wakakamatwa njiani kwenye magendo. Wanaokisimamia ni taasisi ya hifadhi ya sokwe yenye ofisi Entebbe, na kati ya waliosaidia kuanzisha ni taasisi ya hayati Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe kwetu Kigoma.

Na tafadhali, ni sokwe, sio nyani. Nyani ana mkia, sokwe hana. Walezi wa pale wanawajua wote kwa majina, ukisema "yule nyani" utaona sura zao zinavyobadilika.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Paspoti au kitambulisho. Wakenya wanaingia Uganda na kitambulisho cha taifa, sisi Watanzania chukua paspoti uwe na amani.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Hii watu wanaipuuza afu wanakuja kuhangaika mpakani. Chanjo inatakiwa iwe imepita siku 10 toka uchomwe, kwa hiyo usiende kuchoma jana na kesho unasafiri. Ukishachoma mara moja ni ya maisha.

Hela taslimu za Uganda, hata kama una kadi ya benki.

Viatu vya kufunika, suruali ndefu, koti jepesi la mvua, kofia ya kubana (ya kupepea itachukuliwa na upepo ziwani), maji ya kunywa, dawa ya mbu, barakoa mbili tatu. Na mfuko wa nailoni wa kufungia simu, kwenye boti maji yanaruka.

Darubini kama unaweza kuazima. Hii ndo inabadilisha safari nzima. Mara ya kwanza sikuwa nayo, ya pili niliazima kwa rafiki anayefanya kazi ya utalii na ilikuwa kama kwenda sehemu nyingine kabisa, niliona mpaka kucha zao.

Dawa ya malaria ongea na daktari wako, kule ni ziwani na mbu wapo.

Hatua zenyewe

1. Amua: siku moja au kulala

Safari ya siku moja unaondoka Entebbe asubuhi, unashuhudia sokwe wakilishwa, unarudi. Kuna mlo wa saa tano asubuhi na mwingine wa saa nane na nusu mchana ambao wageni wanaruhusiwa kuangalia. Kulala kunakupa jioni na alfajiri ambazo wa siku moja hawazipati, ila ni hela nyingi zaidi.

Ushauri wangu, kama ni mara moja katika maisha yako na unaweza kujibana miezi mitatu zaidi, jibane ulale. Kama huwezi nenda ya siku moja bila kinyongo, kitu cha msingi utakiona.

2. Piga hesabu ya hela

Siandiki bei hapa kwa sababu zinabadilika na nikiandika mtu atakuja kunilaumu mwakani. Ila gharama kubwa ni boti, sio kiingilio. Boti inakodiwa nzima, iwe mko wawili au wanane, kwa hiyo ukienda peke yako unabeba mzigo wote. Dawa yake ni kuungana na kundi, ukiuliza unaambiwa "Jumamosi kuna watu wanne wanatafuta wenzao" mnagawana. Mara ya pili tulikuwa saba na nililipa hela ndogo sana ukilinganisha na ya kwanza.

Uliza bei ya raia wa Afrika Mashariki. Usisubiri waseme wao, uliza wewe, na siku ya safari beba kitambulisho cha kuthibitisha.

3. Buku mapema na uliza maswali haya

Buku moja kwa moja na ofisi ya hifadhi yenyewe Entebbe, au kampuni ya utalii yenye leseni. Usitume hela kwenye namba binafsi ya mtu uliyemkuta mtandaoni eti ana ofa. Binamu yangu alituma malipo ya awali kwa kijana mmoja, simu haikupokelewa tena mpaka leo.

Waulize: tunaondokea wapi na saa ngapi, boti ya kasi au ya mbao, chakula kimo, laifu jaketi za watoto zipo, mvua ikizuia hela inarudi au tarehe inahama. Kama una mtoto uliza masharti ya umri, usichukue jibu langu, chukua la kwao.

Sasa angalia hapa. Wakikuandikia saa kwa Kiingereza, 9:00 ni saa tatu, sio saa tisa. Najua unajua, lakini kuna mama tuliyepanga naye nyumba moja ya wageni alisoma 8:30 kwenye karatasi akajua ni saa mbili na nusu usiku anaitiwa kikao cha maelezo, kumbe ni boti ya asubuhi, na boti ikaondoka. Waganda wenyewe kwa Kiganda wanahesabu saa kama sisi, kwa hiyo uliza kwa maneno, "ni asubuhi?", umalize.

4. Jichunguze afya wiki nzima kabla

Hii ndo hatua muhimu kuliko zote na ndo watu wanairuka.

Sokwe ni ndugu wa karibu mno na binadamu, karibu asilimia 98 ya vinasaba vyetu vinafanana. Maana yake mafua yako yanampata. Kifua kikuu kinampata, surua inampata. Mafua ambayo wewe unayamaliza kwa tangawizi na kulala siku mbili yanaweza kuua sokwe. Na hawa wa Ngamba wako kisiwani, hawana pa kukimbilia, akiugua mmoja wote wako hatarini.

Safari yangu ya kwanza niliamka Entebbe siku ya boti pua imeziba na koo linawasha. Nilikuwa nimesafiri siku mbili. Nilikaa kitandani nikijiambia ni vumbi la njiani tu, nikameza vidonge, nikavaa viatu kabisa. Afu nikawaza, hawa wameshauliwa mama zao na watu, mimi ndo niwapelekee ugonjwa kwa sababu nimelipa nauli? Nikampigia mratibu nikamwambia ukweli. Hakunigombeza, alinishukuru, tukasogeza tarehe siku nne mbele na nikalipia usiku wa ziada wa gesti. Iliniuma mfukoni ila siijutii.

Kwa hiyo: ukiwa na homa, kikohozi, mafua, kuharisha au vidonda vya mdomoni, usiende. Panga safari yako iwe na siku mbili za akiba mwishoni ili ukiumwa uweze kuhamisha. Na ukitaka shughuli zinazokusogeza karibu zaidi na sokwe, kama kufanya kazi na walezi, hapo kuna masharti ya chanjo na vipimo, waombe orodha miezi kabla.

5. Fika Entebbe siku moja kabla

Usijaribu kufika asubuhi ya siku ileile. Kampala mpaka Entebbe ni kama kilomita 40 lakini foleni ya pale haina huruma.

Mimi napita Bukoba. Toka Mwanza siku hizi kuna daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 kwa hiyo kile kivuko kilichokuwa kinakula muda hakipo tena, unapita Geita mpaka Bukoba, unalala, asubuhi unaenda Mutukula unavuka, Masaka, Kampala. Kabla ya kufika Kampala utapita Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, kaa upande wa dirisha. Wa Nairobi mna mabasi ya usiku kupitia Busia au Malaba.

Ukifika Kampala kumbuka kule "teksi" ni ile ya abiria 14, yaani daladala au matatu yetu. Ukitaka gari la peke yako sema "special", ukikosea unaweza kulipa hela ya gari zima bila kujua.

Na hela usibadilishe kwa vijana wa mkononi mpakani. Mpaka mmoja hapo nyuma nilihesabiwa noti mbele ya macho yangu, nikazipokea, nilipokaa kwenye basi nikahesabu tena zimepungua karibu theluthi. Nenda dukani, hesabu pale dirishani, ndo utoke.

Jioni ya Entebbe tembea kidogo bustani ya mimea ya ziwani, ya tangu 1898, ina miti mikubwa na utaona tumbili. Kula sato wa kukaanga. Lala mapema.

6. Boti

Fika nusu saa kabla. Boti ya kasi ni kama dakika 50, ya mbao inafika saa moja na nusu au zaidi. Vaa laifu jaketi na uifunge kamba zote, usiishike mkononi au kuikalia kama nilivyoona watu wanafanya. Hili ni Ziwa Victoria, sio bwawa, asubuhi linaweza kuwa kama kioo na mchana likachafuka. Sisi wa Mwanza hili hatuhitaji kuambiwa mara mbili.

Ukiwa na tabia ya kulewa mawimbi kaa nyuma, tazama mbali kwenye upeo, usiangalie simu. Kula kitu chepesi asubuhi, mkate na ndizi inatosha, tumbo tupu ni baya kuliko lililoshiba.

Usitie mikono na miguu majini ukifika ufukweni, kichocho kipo.

7. Ukifika, sikiliza maelezo yote

Mtapokelewa na mlezi atawaeleza sheria na historia. Nimeona watu wanapiga picha za ndege wakati huo, afu baadaye ndo wanauliza "mbona hawarudishwi porini?" wakati imeshaelezwa. Kwa ufupi, sokwe wa porini wanaishi kwa makundi yenye mipaka na dume mgeni akiingia anaweza kuuawa. Afu hawa wamelelewa na watu, hawaogopi watu, ukiwaachia wataingia vijijini na itakuwa balaa kwa pande zote. Ndo maana majike wamewekewa vijiti vya uzazi wa mpango, vilevile kama vya wanawake, kisiwa kisijae.

Kitu kingine utakachoelewa ni kwa nini wanalishwa. Ekari 100 sio hata nusu ya kilomita moja ya mraba, na porini kundi moja la sokwe linazunguka kilomita nyingi za mraba kutafuta matunda. Msitu huu hauwezi kuwashibisha wote, kwa hiyo wanaletewa matunda na mboga kwa boti toka nchi kavu, na uji. Hapo ndo hela yako ya kiingilio inapoenda.

Sokwe hawaogelei, kwa hiyo ziwa lenyewe ndo ukuta wao. Upande wa watu kuna uzio wa umeme. Usiuguse, usiujaribu.

8. Jukwaani: jinsi ya kuangalia

Kuna jukwaa la mbao lililoinuka, mnasimama hapo mnatazama eneo la wazi mbele ya msitu. Wakati wa mlo unasikia kwanza kabla ya kuona. Inaanza sauti moja mbali ndani ya miti, kama mtu anahema kwa kasi hu-hu-hu inapanda inapanda mpaka inakuwa ukelele, wengine wanaitikia toka kila kona, na manyoya ya mkono wako yanasimama hata kama ulishaambiwa itakuwa hivyo. Afu majani yanatikisika na wanatoka.

Hapo fanya hivi. Dakika tano za kwanza weka simu mfukoni. Nasema kweli. Watu wote wanarekodi video ya watu wengine wanaorekodi video. Tazama kwa macho yako kwanza nani anatoka mbele, nani anasubiri pembeni, nani anampisha nani.

Mlezi anarusha matunda kwa kuyasambaza, sio kuyamwaga sehemu moja, ili wakubwa wasichukue yote. Utaona wengine wameinua mkono juu wanaomba kabisa kiganja wazi. Chagua sokwe mmoja umfuatilie kwa darubini mpaka mwisho, hii ndo siri yangu. Ukimwangalia mmoja unaona mengi kuliko ukiwaangalia wote. Mimi nilimfuatilia jike mmoja mtu mzima aliyekaa mbali na fujo, mkono mmoja vidole havikutimia, mlezi akaniambia wengi wenye majeraha kama yale ni ya tanzi za waya. Aliokota matunda yake taratibu kwa mkono mzima, akayapanga miguuni, na kijana mmoja mdogo alipokuja kukaa karibu naye hakumfukuza. Alimwacha achukue. Basi. Hamna kingine kilichotokea, lakini ndo kitu nilichomsimulia mama nilipofika nyumbani, kabla hata ya boti.

Mambo ya kujua ukiwa pale:

Ukiona sokwe amekenua meno yote usifikiri anacheka. Ni woga. Zile picha za sokwe wa maonyesho "wanaotabasamu" ni za mnyama aliyeogopa, na ukishalijua hilo huwezi tena kuziangalia vilevile. Akicheza kwa raha mdomo unakuwa wazi umelegea, meno ya juu yamefunikwa.

Dume akisimamisha manyoya na kuyumba akikimbia huku na huko anaonyesha ukubwa wake. Anaweza kurusha jiwe au kijiti. Rudi nyuma hatua moja, usipige kelele, usicheke kwa sauti.

Usiwaige sauti. Usiwaonyeshe chakula. Usirushe kitu chochote, hata ganda la ndizi. Zima flashi. Na usipige kelele za "wooow", ongea chini kama uko msibani.

Wakimaliza kula wengine hukaa wanachambuana manyoya, hapo watu wengi wanaondoka kwenda kunywa soda. Usiondoke! Hicho ndo kipindi kizuri, wametulia, mama wakubwa wamelala chali, vijana wanakimbizana. Baki mpaka uambiwe.

9. Kama unalala

Jioni sokwe wanarudi wenyewe toka msituni kuingia kwenye nyumba yao ya kulala. Wamezoea, hakuna anayewaswaga. Wachache wakiamua kubaki msituni wanabaki. Ndani kuna bembea za kulalia na nyasi, na sokwe anapanga nyasi zake mwenyewe kutengeneza kiota kama wenzake wa porini wanavyotengeneza kila usiku juu ya mti. Nilimuona mmoja akizipanga, akalala, akainuka, akazipanga upya, kama mtu asiyeridhika na godoro la gesti.

Usiku kuna giza hasa na ziwa linapiga. Beba tochi, ila usimulike wala kusogea upande wa wanyama. Alfajiri amka kabla ya wengine ukae ufukweni, utasikia furukombe na utawasikia sokwe wakiamka. Watu wa boti ya siku moja watafika umeshashiba.

10. Kurudi

Rudi na boti uliyopangiwa, usiombe "dakika kumi tu", nahodha anajua upepo wa mchana kuliko wewe. Kama una nusu siku Entebbe, nenda kile kituo cha wanyama ambacho wengi bado wanakiita zoo. Kilianza 1952 kama makazi ya wanyama yatima, na baadhi ya sokwe wa kwanza wa Ngamba walitokea hapo. Ndo alikoishi Zakayo, sokwe mzee aliyefahamika Uganda nzima, aliyefariki 2018 akiwa na miaka 54.

Makosa ninayoyaona sana

Kufananisha na Gombe au Mahale. Kule ni porini, unatembea milimani kuwatafuta na unaweza kuwakosa. Ngamba ni makazi ya waliookolewa, ni uhakika kuwaona, lakini usitegemee safari ya kupanda milima. Wakenya nao wana Sweetwaters kule Nanyuki, iliyoanza 1993 na sokwe waliohamishwa toka Burundi wakati wa vita, ila ile ni nyika, sio msitu wa ziwani.

Kupeleka zawadi ya chakula. Usibebe ndizi kutoka nyumbani ukafikiri utawapa. Ukitaka kusaidia changia ofisini.

Kuvaa manukato mengi na nguo za kupepea, mashali, hereni ndefu. Kila kinachoning'inia acha gesti.

Kwenda na watu wengi wasiotaka kukaa kimya. Chagua wenzako vizuri.

Ikitokea hivi, fanya hivi

Mvua imepiga asubuhi, boti haiondoki. Usimlazimishe nahodha na usitafute mvuvi wa kukupeleka kwa siri. Subiri, mvua nyingi za ziwani zinaisha baada ya saa chache, unaweza kuwahi mlo wa mchana. Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Novemba hii hutokea sana, ukiweza kwepa.

Unatapika kwenye boti. Mwambie nahodha apunguze mwendo, tazama mbele, vuta pumzi ndefu. Ukifika ardhini kaa kivulini dakika 15 unywe maji kidogo kidogo. Kaa mbali na eneo la sokwe mpaka utulie, na mwambie mlezi kuwa ni mawimbi, sio ugonjwa.

Umeanza kupiga chafya ukiwa tayari kisiwani. Sema. Vaa barakoa, simama nyuma kabisa au ubaki mapokezi. Ni bora ukose dakika arobaini.

Sokwe wametoka wachache. Inatokea, hasa msimu msitu ukiwa na matunda yake, hawana haraka. Omba kama unaweza kusubiri mlo wa pili badala ya kurudi na wa kwanza.

Picha zote zimetoka nyeusi. Sokwe ni weusi na nyuma yao kuna mwanga mkali, simu inachanganyikiwa. Gusa skrini kwenye uso wa sokwe kabla ya kupiga, inarekebisha mwanga. Na usikuze sana kwa vidole, piga hivyohivyo afu kata baadaye.

Wadudu wadogo kama wingu wanatoka ziwani. Hawaumi. Funga mdomo, vaa miwani, subiri wapite.

Mtoto wako anaogopa makelele. Msogeze nyuma ya jukwaa, mweleze wanaitana kuja kula. Usimwambie "watakula wewe" hata kwa utani, nilimuona mtoto aliyeambiwa hivyo akalia mpaka boti ya kurudi.

Mtu njiani, iwe mpakani au sokoni, anakuonyesha mtoto wa sokwe anamuuza, na moyo unakwambia umnunue umpeleke Ngamba mwenyewe. Usinunue. Hela yako ndo itamrudisha yule mtu msituni kuua mama mwingine. Usigombane naye, usimpige picha akakuona. Kumbuka mahali, saa, na gari kama lipo, ondoka, afu toa taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori ya nchi uliyopo, Uganda ni UWA, kwetu TAWA au ofisi ya maliasili ya wilaya, au kituo cha polisi kilicho karibu. Fanya siku hiyohiyo, usisubiri ufike nyumbani, maana mtoto wa sokwe aliyetoka kwa mama yake hana siku nyingi.